Sheria Haifi, Huhama: Somo la Kodi ya Mitandao Nchini Uganda



Umeenea miongoni mwa watu, hususan vijana wetu, usemi kwamba zama za serikali kuyatungia sheria mawasiliano zimekwisha. Husemwa kuwa sheria ina mipaka na intaneti haina mipaka. Kwamba mtunga sheria hukesha miezi akiandika kifungu kimoja, na kijana mwenye simu ya mkononi hukikwepa kwa dakika mbili. Wasemao hivyo wana ushahidi, na ushahidi wao si wa kubuni, kwa hiyo haifai kuwapuuza. Lakini pia haifai kuupokea usemi huo kama ulivyo. Ndani yake mna nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli huweza kumdhuru mtu kuliko uongo mtupu, kwa kuwa uongo mtupu hugundulika upesi.

Katika makala hii tunakusudia kulitazama suala hili kwa utulivu. Je, teknolojia inaweza kuifanya sheria isitekelezeke? Na ikiwa inaweza, ni nani anayenufaika na ni nani anayelipa gharama? Hatutazungumza kwa nadharia peke yake. Tutachukua mfano wa majirani zetu wa Uganda, ambao ulianza na kumalizika katika muda wa miaka mitatu, kisha tutaulinganisha na mifano michache ya kwetu na ya mbali, ili msomaji apate kupima mwenyewe.

KODI YA SHILINGI MIA MBILI

Mwezi Machi 2018, Rais Yoweri Museveni wa Uganda alimwandikia barua Waziri wake wa Fedha akitaka mitandao ya kijamii itozwe kodi. Hoja yake ilikuwa kwamba watu wanaitumia mitandao hiyo kwa lugambo, neno la Kiganda lenye maana ya umbeya, na kwamba fedha zitakazopatikana zitaisaidia nchi kukabiliana na matokeo ya umbeya huo. Bunge likayapitisha marekebisho ya sheria ya ushuru, na tarehe 1 Julai 2018 kodi ikaanza kutozwa.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kuueleza. Kila aliyetaka kufungua Facebook, WhatsApp, Twitter na mitandao mingine ya namna hiyo alitakiwa alipe shilingi 200 za Uganda kwa siku, na malipo yafanyike kwa fedha za simu. Aliyelipa alifunguliwa mlango na kampuni ya simu kwa siku hiyo. Asiyelipa alifungiwa.

Shilingi 200 za Uganda zilikuwa takriban senti 5 za Marekani. Mwenye kipato atasema hiyo si kitu. Lakini na tuhesabu: kwa mwezi wa siku 30 ni shilingi 6,000, na kwa mwaka ni shilingi 73,000, kwa mtu mmoja na laini moja, kabla hajanunua kifurushi chenyewe cha intaneti. Kwa mama muuza mboga anayepokea oda zake kwa WhatsApp, au kwa familia inayopeana habari za mgonjwa na za msiba kupitia kundi la simu, hiyo haikuwa kodi ya umbeya. Ilikuwa kodi ya kusemezana na jamaa.

Watu walipinga hadharani. Kesi ilifunguliwa katika Mahakama ya Katiba, na mwezi huo huo wa Julai kukafanyika maandamano mjini Kampala yaliyoongozwa na mbunge Robert Kyagulanyi, maarufu kwa jina la Bobi Wine. Hata hivyo, jibu kubwa zaidi la wananchi halikutolewa barabarani wala mahakamani. Lilitolewa kimya kimya, ndani ya simu.

NJIA YA PEMBENI

Jibu hilo lilikuwa ni programu inayoitwa VPN. Kwa ndugu ambao hawajaifahamu, tuieleze kwa mfano. Chukua mtu ambaye tarishi wa mtaani kwake amekatazwa kupeleka barua zinazokwenda kwa Fulani. Mtu huyo huiandika barua yake, akaitia ndani ya bahasha yenye jina la Fulani, kisha akaitia bahasha hiyo ndani ya bahasha nyingine iliyofungwa barabara, yenye anwani ya rafiki yake anayekaa mji mwingine. Tarishi anaona anwani ya rafiki tu, hivyo anaipeleka. Rafiki anaifungua bahasha ya juu, anaikuta ya ndani, na yeye ndiye anayeifikisha kwa Fulani. Jibu hurudi kwa njia hiyo hiyo.

VPN hufanya hivyo. Simu huufumba ujumbe na kuupeleka kwenye kompyuta iliyo nchi nyingine, na kompyuta hiyo ndiyo inayoifungua Facebook au WhatsApp kwa niaba ya mwenye simu. Kampuni ya simu ya Uganda haioni kuwa mteja wake yuko WhatsApp. Inaona tu kwamba anazungumza na kompyuta fulani ya ng'ambo. Basi haina sababu ya kumfungia mlango, na kodi haina pa kushika.

Mamlaka ya mawasiliano ilitangaza kuwa itazifunga programu hizo. Lakini kila iliyofungwa ilikuwa na nyingine ya kuishika nafasi yake, na elimu ya kuzitumia ilienea mtaani kwa haraka kuliko tangazo lolote la serikali. Wengine walijishikiza kwenye Wi-Fi za ofisini. Wengine waliacha tu kuitumia mitandao.

Matokeo yalionekana katika hesabu. Katika mwaka wa kwanza wa fedha, 2018/19, serikali ilitarajia kukusanya shilingi bilioni 284 kutokana na kodi hiyo. Zilizokusanywa zilikuwa bilioni 49.5. Yaani katika kila shilingi 100 zilizotarajiwa, zilipatikana 17 hivi. Ukizigawa bilioni 49.5 kwa zile 73,000 za mwaka mzima, utapata kuwa fedha hizo ni sawa na malipo ya watu wasiozidi laki saba wanaolipa kila siku, katika nchi iliyokuwa na watu zaidi ya milioni 40.

Hapa ndipo wale wasemao kuwa teknolojia imeishinda sheria hupiga vigelegele. Na lau kisa kingeishia hapa, tungekubaliana nao.

KISA HAKIKUISHIA HAPO

Tarehe 1 Julai 2021 kodi ya shilingi 200 iliondolewa. Siku hiyo hiyo mahali pake pakachukuliwa na ushuru wa asilimia 12 juu ya bei ya intaneti yenyewe, isipokuwa ile inayotumika kwa huduma za tiba na za elimu.

Tulizingatie badiliko hili kwa makini, kwani ndilo kiini cha makala yetu. Kodi ya kwanza ilikaa mlangoni. Mtu alipofika aliambiwa: lipa au rudi. Aliiona, akaijua kiasi chake, akachagua kulipa, kurudi, au kupita njia ya pembeni. Ushuru wa pili hauko mlangoni. Uko kisimani. Umeingizwa ndani ya bei ya kifurushi kabla hakijamfikia mnunuzi, na anayeupeleka serikalini ni kampuni ya simu, si yeye. Hapo VPN haina msaada wowote, kwa sababu VPN yenyewe hutembea juu ya intaneti iliyokwisha kulipiwa ushuru. Isitoshe, hula kifurushi zaidi kuliko mawasiliano ya kawaida, hivyo mwenye kuitumia huulipa ushuru huo zaidi ya jirani yake.

Uadilifu unatutaka tuseme pia yaliyo upande wa pili. Kwa yule aliyekuwa akilipa shilingi 6,000 kila mwezi, ushuru mpya mara nyingi ni mwepesi. Ili asilimia 12 ifikie 6,000 ni lazima mtu anunue intaneti ya shilingi 50,000 kwa mwezi, na wengi hawafiki huko. Kwa hiyo hatusemi kwamba ushuru wa pili ni mzito kuliko wa kwanza kwa kila mtu. Tunalosema ni kwamba umemfikia kila mtu: aliyekuwa mtiifu na aliyekuwa mkwepaji, anayesambaza umbeya na asiyejua hata Facebook ni kitu gani, mkulima anayetafuta bei ya mahindi na mwanafunzi asiye na habari ya msamaha wa elimu. Na umemfikia bila ya kumwuliza, wala yeye hauoni.

Wahenga walisema: mchuma janga hula na wa kwao. Mkwepaji aliikimbia kodi ya mlangoni, na serikali, ilipokosa cha kukusanya, ikauhamishia ushuru mahali ambapo jirani yake naye analipa.

Basi je, teknolojia iliifanya sheria isitekelezeke? Iliifanya sheria moja isitekelezeke mahali pamoja. Kisha sheria ikahama.

KWA NINI SHERIA HUWEZA KUHAMA

Sababu yake si ngumu. Intaneti huzungumzwa kana kwamba ni hewa isiyo na mwenyewe, na ukweli ni kwamba imejengwa juu ya vitu vinavyoshikika. Kuna minara iliyosimikwa ardhini, kuna mkongo wa mawasiliano uliopita baharini na chini ya barabara, kuna kampuni chache zenye leseni, ofisi na akaunti za benki. Watumiaji ni mamilioni na ni vigumu kuwakamata mmoja mmoja. Kampuni za simu zinahesabika kwa vidole. Serikali iliyochoka kuwafukuza samaki baharini huenda kusimama bandarini, mahali ambapo kila chombo lazima kitie nanga.

Waganda walilishuhudia hilo kwa uchungu zaidi mwezi Januari 2021. Siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu wa tarehe 14 Januari, Facebook ilifungiwa, na watu wakaendelea kuifikia kwa VPN. Lakini usiku wa kuamkia siku ya kura intaneti yote ilizimwa nchi nzima, na haikurudi hadi tarehe 18. Katika siku hizo hakuna VPN iliyofanya kazi. Njia ya pembeni ni njia pale tu barabara kuu inapokuwapo. Ikiondolewa barabara, na ya pembeni huondoka nayo. Na aliyeumia si mwanasiasa peke yake. Aliumia mgonjwa, aliumia mfanyabiashara, na aliumia mtu aliyekuwa hajawahi kutamka neno moja la siasa mtandaoni.

Hii ndiyo hatari ambayo hatuwasikii vijana wetu wakiizungumza. Kila mara sheria ya mlangoni inaposhindwa kwa ujanja, mwenye madaraka hushawishika kutafuta chombo kikubwa zaidi na kisichochagua.

MIFANO MIWILI YA KULINGANISHA

Msomaji anaweza kusema: huo ni mfano mmoja, na tena ni wa kodi. Basi tuangalie mifano miwili iliyo mbali na kodi ya mitandao.

Wa kwanza ni wa hapa kwetu. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, na mwaka 2013 serikali iliongeza utaratibu wa stempu za kodi kwa kazi za muziki na filamu. Kila santuri na kila kasha la filamu lilitakiwa libandikwe stempu, ili iliyo halali ijulikane na ile ya wezi wa kazi za wasanii ikamatwe. Lilikuwa lengo jema. Lakini katika miaka hiyo hiyo watu walikuwa wanaanza kuhamia kwenye simu, kwenye kadi za kumbukumbu na flashi, kisha kwenye intaneti. Wimbo, mawaidha au kaswida ikawa inapita kutoka simu hadi simu bila ya kuwapo kitu chochote cha kubandikiwa stempu. Sheria hii haikuvunjwa kwa ukaidi. Iliachwa nyuma, kama mlinzi anayelinda lango la uwanja ambao soko lake limehamia mtaa wa pili.

Na kilichotokea katika biashara ya muziki duniani kinafundisha. Kampuni za Marekani ziliishitaki Napster, programu iliyowawezesha watu kupeana nyimbo bure, na mwaka 2001 mahakama ikawapa ushindi na Napster ikafungwa. Kuanzia 2003 wakawashitaki maelfu ya watu wa kawaida. Upeanaji haukukoma, na mapato ya muziki uliorekodiwa yaliendelea kushuka hadi 2014. Yalipoanza kupanda, kilichoyapandisha hakikuwa mahakama. Kilikuwa mlango halali ulio rahisi: kwanza wimbo mmoja kwa senti 99 katika duka la Apple lililofunguliwa 2003, kisha huduma za kusikiliza kwa ada ndogo ya mwezi, kama Spotify iliyoanza 2008. Watu wengi hawakuwa wamekusudia wizi. Walikuwa wanatafuta mlango.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, kwa kuwa ndani yake sheria ilishindwa kweli kweli. Katika miaka ya 1990 Marekani iliziweka programu za kufumba ujumbe kwa nguvu katika orodha moja na silaha za kivita, na kuzitoa nje ya nchi bila kibali kulihesabiwa sawa na kusafirisha silaha. Mwaka 1991 mtaalamu aitwaye Phil Zimmermann aliandika programu ya namna hiyo, PGP, akaigawa bure, na haikuchukua muda ikafika nchi za ng'ambo. Kuanzia 1993 alichunguzwa kwa jinai, na mwezi Januari 1996 uchunguzi ukafungwa bila ya kushitakiwa.

Katikati ya uchunguzi huo kulitokea jambo la ajabu. Mwaka 1995 maelekezo yote ya programu hiyo yalichapwa katika kitabu na chuo kikuu cha MIT. Programu iliyo katika diski ilikuwa silaha, na kuipeleka nje ni jinai. Maneno yale yale yakiwa katika karatasi ni kitabu, na kitabu kinalindwa na uhuru wa maandishi. Vitabu vya namna hiyo vikanunuliwa, vikapelekwa Ulaya, na mwaka 1997 wapenzi wa programu hiyo wakazipiga picha kurasa zake kwa mashine na kuirudisha kuwa programu. Hakuna kifungu kilichovunjwa, na sheria ikabaki gamba tupu.

Mwezi Januari 2000 serikali ya Marekani ililegeza masharti hayo kwa kiasi kikubwa. Lakini tujiulize kwa nini. Ujanja wa kitabu ulichangia, hapana shaka. Kilichokuwa na uzito pia ni kwamba kampuni za Marekani zenyewe zilikuwa zikilalamika wazi kuwa zinazuiwa kuuza bidhaa ambayo washindani wao wa nje wanaiuza, na benki na wafanyabiashara walikuwa wanahitaji usalama huo ili kuuza na kununua mtandaoni. Sheria ilikosa watetezi hata miongoni mwa wale iliodai kuwalinda. Ndipo ikafa.

KINACHOIUA SHERIA NI KIPI?

Tukiiweka mifano hii pamoja, jambo moja linajitokeza. Teknolojia hutoa njia ya kutokea, lakini haiwatoi watu nje. Watu hutoka wanapoona kuwa sheria haina haki, au haina maana, au mlango wake halali ni mgumu kuliko ule wa haramu.

Ushahidi wa hili uko Uganda kwenyewe. Siku ile ile ya 1 Julai 2018, na kwa sheria ile ile, ilianza kodi nyingine: asilimia 1 juu ya miamala ya fedha za simu. Kodi hii haikuwa na VPN ya kuikwepa. Lakini watu waliikwepa pia, tena kwa chombo cha kale kuliko vyote: noti mfukoni. Wengi walirudi kwenye fedha taslimu. Malalamiko yakawa makubwa, na kabla ya mwaka kwisha kodi hiyo ikapunguzwa hadi asilimia 0.5, tena kwa kutoa fedha tu.

Na kwetu Tanzania, tarehe 15 Julai 2021 zilianza tozo za miamala ya simu. Wananchi walilalamika kwa sauti ya wazi, katika vyombo vya habari, misikitini, makanisani na sokoni. Mwezi Septemba mwaka huo tozo hizo zikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata zikapunguzwa tena na baadhi yake kufutwa. Hapakuwa na programu yoyote ya ujanja. Palikuwa na watu wanaoona wanachotozwa, wanaokitaja kwa jina, na wanaoudhika hadharani.

Linganisha sasa. Kodi ambayo watu waliipinga zaidi kwa sauti ilipunguzwa. Kodi ambayo watu waliikwepa zaidi kwa siri iliondolewa kwa jina na kurudi kwa sura nyingine, mahali pasipoonekana. Hatusemi kuwa kila malalamiko husikilizwa, wala hatusemi kuwa Waganda hawakupaza sauti; walipaza, na baadhi yao walilipia gharama. Tunasema kwamba ukwepaji hauna ujumbe. Mwenye kukwepa hamwambii mtawala kuwa sheria hii ni dhuluma. Anamwambia tu kuwa hapa pana tundu, na mtawala anayesikia habari ya tundu huenda kuliziba.

HILA SI HAKI

Katika masomo ya fiqhi upo mlango mpana unaojadili hila, yaani njia ambayo umbo lake linaonekana halali na lengo lake ni kuikimbia hukumu. Wanazuoni walitofautiana juu yake, na hatuna nafasi ya kuueleza mjadala huo hapa. Lakini swali lililopewa uzito katika mjadala huo linatufaa: kusudio ni lipi? Chombo kimoja huweza kumlinda mtu na dhuluma, na chombo hicho hicho huweza kumsaidia kuila haki ya mwenzake.

VPN ni chombo cha namna hiyo. Benki huitumia kulinda hesabu za wateja wake. Daktari huitumia kuyalinda majalada ya wagonjwa. Ndiyo maana mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilipotoa tangazo juu ya VPN, iliwataka watu na taasisi zinazozihitaji kwa kazi zao kuzitolea taarifa hadi ifikapo tarehe 30 ya mwezi huo. Mtunga sheria alikiri, kwa tangazo lake mwenyewe, kuwa chombo hicho kina watu wa haki wanaokihitaji.

Kwa hiyo hatuwaambii vijana wetu kuwa elimu hiyo ni mbaya. Tunawaambia wasiichukulie kuwa ni ushindi. Kijana anayesema "mimi sheria hii hainigusi, nina programu yangu" amejiokoa peke yake, akamwacha mama yake asiyejua programu, jirani yake mwenye simu ya tochi, na mwalimu wake mwenye kulipa kwa uaminifu. Na wala hakujiokoa sawasawa. Programu nyingi za VPN zinazotolewa bure hulipwa kwa njia nyingine: mwenye kompyuta ile ya ng'ambo, yaani yule rafiki wa bahasha, huweza kuona mteja wake anakwenda wapi, na wapo wanaoziuza habari hizo. Umemficha tarishi wa mtaani siri zako, ukamkabidhi mtu usiyemjua hata jina.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuizoee tabia ya kuiona sheria kabla haijawa sheria. Kodi hazishuki ghafla. Nchini Tanzania, Kenya na Uganda bajeti husomwa mwezi Juni na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya hapo Muswada wa Fedha hufika bungeni na kamati huchukua maoni. Kila msikiti una mhasibu, mwalimu au mwanasheria katika jamaa zake. Kamati ya msikiti imwombe mmoja wao ausome muswada huo kila mwaka na kuwaeleza watu, kwa lugha yao, kipi kinawagusa. Saa moja baada ya swala ya Ijumaa inatosha.

Pili, tunapopinga tupinge mahali panapoonekana, kwa jina na kwa hesabu. Ile hesabu ya shilingi 73,000 kwa mwaka ina nguvu kuliko laana elfu moja. Mbunge huweza kuipuuza laana. Hesabu aliyosomewa mbele ya wapiga kura wake humpa taabu kuipuuza.

Tatu, tunapoambiwa kuwa kodi fulani imefutwa, tuulize imekwenda wapi. Swali hili dogo lingewafaa watu wengi mwezi Julai 2021. Ushuru uliofichwa ndani ya bei ya kifurushi ni ushuru pia, na anayeulipa ana haki ya kuujua. Tudai kwamba kampuni za simu zimwoneshe mteja, katika ujumbe ule ule wa kuthibitisha manunuzi, ni kiasi gani cha fedha yake kimekwenda kwa kampuni na ni kiasi gani kimekwenda serikalini.

Nne, na hili ni kwa wenye mamlaka. Sheria ambayo wananchi wake wanaikwepa kwa wingi inatoa taarifa juu ya sheria yenyewe. Kabla ya kuagiza mtambo wa kuziba kila tundu, mtawala mwenye hekima huuliza kwa nini watu wema, wasiokwepa kulipa karo wala nauli, wanaikwepa hii. Sheria ambayo watu wanaiona kuwa ni ya haki huhitaji askari wachache. Ile wanayoiona kuwa ni dhuluma haitoshelezwi na askari wala mitambo, na kila inapohama kutafuta mahali pa kushika, huacha nyuma yake imani kidogo baina ya watu na viongozi wao.

Tukirudi kwenye swali letu, jibu ni kwamba teknolojia inaweza kuushinda mlango, na haina uwezo wa kuushinda mji. Anayetaka sheria njema hana budi kuingia mjini akazungumze na wenyeji wake.

Wabillahi tawfiiq.